Duka la vitabu, bahari, na bwana anayefika ukurasa wa mwisho

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Shangani, Mtwara. Nikitoka zamu ya usiku nasoma kwenye simu riwaya za mapenzi za Kiingereza, zile ambazo binti anarithi duka la vitabu kwenye kamji ka pwani, anafuga paka, anagombana na jirani, mwishowe wanaoana. Zote zinafanana. Mume wangu ananicheka, ati nasoma kitabu ambacho mwisho wake naujua. Kwa nini sichoki? Na nikistaafu, duka kama lile litaenda hapa kwetu?
Mama Wawili, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na zamu.

Mkwe wangu mwambie hivi: harusini sote tunajua bwana harusi atakuja, na bado tunakesha tukimsubiri. Mwisho mwema ndiyo masharti ya riwaya hizo. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kinazitambua kwa mambo mawili tu: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Wewe unashinda wodini usiku kucha hujui nani ataiona asubuhi. Kusoma kitu ambacho hakitakuvizia si ujinga.

Ila sidhani ni yule bwana anayekurudisha. Hebu angalia, anaonekana mara ngapi? Anapita na mbwa wake, amenuna, anapotea tena. Kurasa zilizobaki ni za duka. Binti anafungua mlango, anachemsha chai, bibi wa jirani anaingia kuulizia kitabu na kuishia kumsimulia marehemu mumewe saa nzima. Hakuna anayemuuliza yule binti amekaa pale anafanya nini.

Sasa tazama kwetu. Baraza za Mikindani, za Lindi, za Kilwa, jioni zimejaa wanaume: kahawa, bao, siasa. Mwanamke ana uwani na ana kwenye kusukana, na hata huko mikono haitulii, ama anasuka ukili ama anachambua mchele. Riwaya zako zinampa mwanamke baraza la mbele, linalotazama njia, na funguo anazo yeye. Hapo ndipo ulipo utamu, mwanangu. Na ona alivyolipata: kila mara kuna shangazi aliyekufa akamwachia. (Mimi bado nipo, naomba msinitazame hivyo.)

Bahari yao nayo ni ya dirishani, ya Cornwall huko Uingereza, yenye mvua na sweta. Yetu ni ya kazi. Mama aliyeingia maji yakitoka kutafuta pweza na chaza, akirudi hana haja ya kuitazama tena. Ningeandika mimi riwaya ya Mtwara, duka ningeliweka kwenye njia ya watu wanaotoka kununua samaki, maji yakabaki nyuma ya nyumba.

Kuhusu duka lako, mimi nauza vitabu na vifaa vya shule hapa Lindi, basi nisikilize. Hewa ya chumvi inatia kutu pini za madaftari. Mvua zikianza kurasa zinavuta unyevu, majalada yanajikunja, na ukungu unaanzia nyuma ya rafu iliyogusa ukuta, mahali usipopaona. Acha nafasi ya ngumi kati ya rafu na ukuta. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mkononi. Na riwaya hazitakulisha. Kinacholisha ni madaftari ya Januari shule zikifunguliwa, na kutoa kopi mwaka mzima. Korosho zikilipwa mwishoni mwa mwaka, ndipo unamwona mtu anaulizia kamusi bila kuuliza punguzo.

Huko Uskoti kuna mji mdogo wa pwani, Wigtown, uliotangazwa kuwa mji wa vitabu wa taifa mwaka 1998. Pale kuna duka liitwalo The Open Book: mgeni anakodi chumba cha juu, na kwa siku anazokaa analiendesha duka la chini. Analipa yeye ili afanye kazi! Kwa hiyo hamu yako si ya peke yako. Lakini angalia pia kwamba wageni wale wanaondoka kabla hesabu za mwaka hazijafungwa.

Mkwe akitaka mwisho asioujua, mtafutie The Bookshop ya Penelope Fitzgerald, ya mwaka 1978. Mjane anafungua duka la vitabu kwenye mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, ndani ya nyumba yenye unyevu, na wakubwa wa mji wanamwandama. Mwandishi mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika duka la vitabu la pwani hiyo, na ule unyevu umeandikwa na mtu aliyeunusa. Kizuri sana. Baada ya zamu ya usiku usikiguse.

Wewe usingoje kustaafu. Anza na kibaraza chako, Jumamosi alasiri, wauguzi wenzako na vitabu vya kuazimana. Weka daftari la nani kachukua nini, maana msomaji mwaminifu kuliko wote hupoteza kumbukumbu akishika kitabu cha mwenzie. Nina boksi la riwaya za Kiswahili dukani, kavu kabisa. Bei tutaelewana, ila nauli ya mzigo kwenye basi ni yako.