Mfumo ukigoma baada ya seva kupandishwa toleo

Wewe unayeanza kazi ya kutunza mifumo ya ofisi, kuna simu moja itakayokukuta hujamaliza chai ya asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtu alipandisha toleo la Ubuntu, mfumo endeshi, kwenye seva, na kila kitu kikaonekana kimekwenda salama. Karani anafika kazini, anafungua mfumo, anapata ukurasa mweupe usio na hata herufi moja.

Simu yangu ya kwanza ya aina hiyo ilitoka kwa ofisi ndogo ya mawakala wa kutoa mizigo katika bandari ya Kilindini. Nilipofika, madereva wa malori walikuwa wamekaa ngazini wakingoja makaratasi, na kila baada ya muda mmoja wao alichungulia mlangoni kuuliza kama bado. Presha ile ilinishinda. Nilifungua faili la kwanza nililolishuku, nikabadilisha mistari palepale kwenye seva ya kazi, nikajaribu, likakataa. Nikahamia la pili. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimegusa mafaili sita bila bekapu, na sikumbuki nini nimebadilisha wapi. Asubuhi kulikuwa na kosa moja. Adhuhuri yalikuwa manne, na matatu kati ya hayo niliyaleta mimi. Madereva wale walilala Mombasa usiku mmoja zaidi kwa sababu yangu, na jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo usiguse msimbo kwanza. Soma logi, yaani faili ambamo seva huandika matukio na makosa yake.

Ukurasa mweupe mara nyingi maana yake PHP, lugha ambayo mfumo umeandikwa kwayo, imekutana na kosa na imeagizwa isimwonyeshe mtumiaji. Agizo hilo ni sahihi kwa seva ya kazi, kwani ujumbe wa kosa hutaja mahali mafaili yalipo na mambo mengine ambayo mpita njia hapaswi kuyajua. Usikimbilie kuliondoa. Kosa limeandikwa kwingine: kwenye Ubuntu yenye Apache, programu inayotoa kurasa za wavuti, mara nyingi liko ndani ya /var/log/apache2/error.log. Andika tail -f na jina hilo la faili, halafu mwombe karani afungue ukurasa upya. Mstari utashuka mbele yako:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function mysql_connect() in /var/www/html/unganisha.php:7

Usome kama unavyosoma bahasha. Mwisho wake ni anwani: faili ni unganisha.php, mstari wa 7. Katikati ndimo mlimo na shida yenyewe: msimbo umeita mysql_connect, na PHP hii haina kitu kinachoitwa hivyo. Mwanzo unakwambia uzito wa kosa. Fatal ni kwamba kazi imesimama hapo hapo, Warning ni kwamba imeendelea ikinung'unika. Kama imeshuka mistari ishirini kwa mpigo, shika ule ulioandikwa mwanzo. Mara nyingi mingine yote ni watoto wake.

Ukishaujua mstari, tafuta umetoka toleo gani kwenda lipi. Wengi hujibu "tulikuwa Ubuntu ya zamani, sasa tuko mpya", na jibu hilo halikusaidii. Ubuntu 16.04 huja na PHP 7.0, 20.04 huja na 7.4, 22.04 huja na 8.1, na 24.04 huja na 8.3. Hakikisha kwa macho yako, na usiamini php -v peke yake, kwa sababu PHP ya terminali inaweza kuwa toleo tofauti na ile inayotumiwa na seva ya wavuti. Weka faili dogo lenye phpinfo(), lifungue kwenye brauza, soma toleo, kisha lifute papo hapo. Baada ya hapo nenda kwenye mwongozo rasmi wa PHP, wenye ukurasa wa mabadiliko kwa kila hatua. Kama ulikuwa 5.6 na sasa uko 8.1, soma 7.0, 7.1, 7.2, zote hadi mwisho. Ukiruka moja, jibu lako litakuwa ndani ya hiyo uliyoiruka.

Yale utakayokutana nayo zaidi kwenye mifumo ya ofisi zetu, ambayo mingi iliandikwa na mtu aliyekwisha hama, ni haya. Fanksheni zote zinazoanza na mysql_, za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, ziliondolewa katika PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, pamoja na ereg na split. Mwaka 2020 PHP 8.0 ikaondoa each na create_function. Ukikutana na mysql_query usiongeze tu herufi i ukadhani umemaliza: mysqli_query inataka kiunganishi kitangulie, kisha ndiyo swali, kinyume na ile ya zamani. Na kwa kuwa umeshaifungua mistari hiyo, usiendelee kubandika jina alilochapa mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali la hifadhidata. Tumia PDO au mysqli (njia mpya za PHP za kuzungumza na hifadhidata) yenye maswali yaliyotayarishwa, yaani yanayopokea maneno ya mtumiaji kando na amri yenyewe. Utaongeza siku mbili za kazi, lakini utakuwa umeziba tundu ambalo mwizi yeyote anaweza kuingilia.

Kuna kosa moja ambalo ni la dharura. Mafaili ya zamani huanza kwa <? badala ya <?php. Seva mpya ikiwa imezima ufupisho huo, PHP haiusomi msimbo kabisa; unatumwa kwenye brauza kama maandishi ya kawaida. Nimewahi kufungua ukurasa wa duka moja nikasoma pasiwadi ya hifadhidata yao, wazi kabisa. Likikukuta hilo, funga tovuti kwanza, badilisha pasiwadi, ndipo urekebishe mafaili.

Wakati mwingine msimbo hauna hatia. Apache ilipotoka 2.2 kwenda 2.4, maagizo ya Order na Allow, ya kuruhusu au kuzuia wageni, yalibadilishwa na Require, na mafaili ya tovuti kwenye Ubuntu yakalazimika kuishia na .conf. Ukihama kutoka PHP iliyokaa ndani ya Apache kwenda PHP-FPM, inayoendeshwa kando yake, mstari wa php_value ndani ya .htaccess (faili la maagizo ya Apache kwa folda moja) unatosha kukuletea kosa la 500, yaani kosa la ndani ya seva. Pengine pia kiongezo cha PHP kama mbstring au gd hakikuwekwa upya. Amri ya php -m itakuonyesha vilivyopo, ila kwa PHP ya terminali tu. Haya yote hujitaja yenyewe kwenye logi, kwa hiyo sikai nayo sana.

Yanayonikosesha usingizi ni yasiyoandika chochote kwenye logi.

La kwanza ni saa. PHP isipoambiwa iko wapi, mara nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ile php.ini, faili la mipangilio ya PHP, uliyokuwa umeandika Africa/Nairobi ilibaki kwenye folda ya toleo la zamani, na toleo jipya lina php.ini yake. Mteja amelipa saa nane na dakika arobaini mchana, risiti inasema 11:40. Mchana hilo ni la aibu tu. Lakini watu wa bandari hufanya kazi usiku: lori lililotoka saa saba usiku litaandikiwa tarehe ya jana, na ripoti za siku mbili zitaharibika pamoja. Kagua pia saa ya hifadhidata, maana NOW() ya MySQL na date() ya PHP kila moja ina mpangilio wake.

La pili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu lilimwumiza mtu.

Duka moja la jumla karibu na Mwembe Tayari lilitoka PHP 7.4 kwenda 8.1. Nilirekebisha yote yaliyolalamika, logi ikawa safi, nikakabidhi kazi Ijumaa. Wiki iliyofuata mzee mmoja mwenye kiduka Majengo, anayechukua unga na sukari kwa mkopo, alinyimwa bidhaa kwa kuwa skrini ilimwonyesha anadaiwa. "Kijana, mimi sidaiwi na mtu," alimwambia karani, na karani akamjibu kwamba kompyuta imesema. Alirudi Majengo na mkokoteni mtupu, mbele za watu wanaomjua.

Nilipoitwa nilikuta mstari mmoja tu: if ($deni == 0), andika "AMEMALIZA", la sivyo andika "ANADAIWA". Safu ya deni ilikuwa imeundwa kama maandishi, na mteja akimaliza kulipa, karani alifuta tarakimu na kukiacha kisanduku kitupu. Hadi 7.4, PHP ikilinganisha kitupu na sifuri ilisema ni sawa. Kuanzia 8.0, maandishi yasiyo namba yakilinganishwa na namba, namba ndiyo inayogeuzwa kuwa maandishi, na "0" si sawa na kitupu. Kwa hiyo kila aliyemaliza deni lake aligeuka mdaiwa. PHP haikuona kosa lolote, na kweli halikuwepo kwa sheria zake mpya. Dawa ilikuwa kugeuza thamani kuwa namba kabla ya kulinganisha, kisha kuibadilisha safu yenyewe iwe DECIMAL, ya namba, baada ya kujaza sifuri kwenye visanduku vitupu, maana MySQL ingekataa kuvipokea vikiwa hivyo.

Tangu hapo sikubali logi safi iwe ushahidi kwamba kazi imekwisha. Kabla toleo halijapandishwa, natoa ripoti kutoka seva ya zamani: mauzo ya mwezi, orodha ya wadaiwa, bidhaa zilizobaki stoo. Nainakili seva nzima kwenye mashine ya pembeni, napandisha toleo huko, nawasha E_ALL ili PHP iseme kila inachokiona, napitisha php -l, inayokagua sarufi ya msimbo, kwenye kila faili. Narekebisha kosa moja, nalihifadhi kwenye git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, na maelezo ya mstari mmoja, ndipo naenda kwa lifuatalo. Halafu natoa ripoti zilezile kutoka mashine mpya na kuzilinganisha namba kwa namba. Hata senti hamsini ikitofautiana nasimama niitafute ilikotokea.

Na namkalisha karani. Namwomba afanye kazi ya siku nzima kwenye ile nakala: auze, arudishe bidhaa, afunge hesabu. Yeye anajua sura ya namba zake kuliko mimi. Mmoja aliwahi kuniambia "hii jumla ni ndogo, Jumamosi hatuuzi hivi", na alikuwa sahihi. Swali moja la hifadhidata lilikuwa likiruka mauzo ya jioni.

Kama umefikiwa na msiba kabla ya hayo yote, una ruhusa ya kurudisha toleo la zamani kwa siku moja au mbili ili malori yatoke. Mweleze mwenye ofisi waziwazi kuwa ni kwa muda, na mpe tarehe. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na kuiacha wazi kwenye intaneti mwaka baada ya mwaka ni kumwekea mtu mlango usio na komeo.

Siku niliyomaliza kurekebisha deni lile, nilimwomba mwenye duka tuende Majengo pamoja. Tulimkuta mzee kibarazani kwake. Nilimpa shikamoo, nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu wala si la karani, nikampa taarifa mpya ya akaunti yake. Hakuisoma mara moja. Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule lililojaa hesabu kwa kalamu ya wino, miaka mitatu ya unga na sukari, akavaa miwani na kuanza kulinganisha mstari kwa mstari. Tulikaa karibu saa nzima. Alipofika mwisho alipiga tiki, akafunga daftari, akamwambia mwenye duka atume mifuko kumi ya unga kesho asubuhi.