Hakeem wa nne? Barua zenu za masenta nimezisoma zote

Toleo lililopita msomaji aliniuliza swali dogo tu, nani senta bora wa muda wote NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, yaani yule mrefu anayecheza karibu na ringi, nami nikajibu fastafasta bila kujua kuna watu nitawakosesha usingizi. Nilisema Kareem, Russell, Wilt, Hakeem, Shaq, kwa mpangilio huo huo, nikafunga ukurasa nikaenda zangu kula. Tangu siku hiyo sina amani. Haya, tuanze na waliokasirika zaidi.

Kaka, hivi ulikuwa umekula kweli siku ile? Hakeem wa nne? Mtoto wa Lagos, mtu anacheza huku amefunga, unamweka chini ya Wilt ambaye hata mkanda wa mechi yake kubwa haupo? Tunataka maelezo.
*Shabiki wa Rockets, Tanga*

Kaka yangu wa Tanga, nilikuwa na njaa, nakiri. Ila ngoja tumzungumze Hakeem Olajuwon vizuri maana hii ndo barua niliyopata kwa wingi, na wengi mmeandika kwa moyo tu bila kuweka ushahidi mezani wakati ushahidi upo tele.

Jamaa kazaliwa Lagos 1963, utotoni ni handiboli na mpira wa miguu, golikipa, kikapu kakishika akiwa tayari kijana wa sekondari. Mwaka 1984 Houston Rockets wanamchagua namba moja kwenye drafti, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, Michael Jordan anakwenda wa tatu, na mpaka leo sijasikia mtu wa Houston akijutia. Kwa nini? Angalia 1995. Rockets wanaingia mtoano wakiwa nafasi ya sita upande wa magharibi, hakuna aliyewapa nafasi, wanafika nusu fainali wanakutana na San Antonio ya David Robinson ambaye ndo kwanza katangazwa MVP, mchezaji bora wa ligi. Kombe lake la MVP kakabidhiwa palepale uwanjani kabla ya mechi ya pili, Hakeem amesimama pembeni anaangalia. Mechi ikaanza. Hakeem pointi 41.

Kuna muvu moja naweza kuirudia mara ishirini sichoki. Anapokea mpira mgongo ukiwa kwenye ringi, bega linashuka kidogo kama anakwenda upande huu, Robinson anaingia mkenge, kumbe ule mguu wa nguzo bado uko palepale haujanyanyuka, anageuka upande wa pili, ananyanyua mpira kama anarusha, Robinson anaruka, na Hakeem bado yuko chini! Anapita chini ya kwapa la mwenzake anauweka mpira taratibu kama mtu anayeweka sahani mezani. Hiyo ndo Dream Shake, na ile miguu unaiona kabisa ni ya mtu aliyecheza soka. Kwenye nusu fainali nzima alipiga wastani wa pointi 35, halafu fainali akakutana na Shaq kijana wa Orlando, Rockets wakawafagia 4-0.

Na hili la saumu ni kweli, si hadithi ya kijiweni. Mwaka huohuo Ramadhani iliangukia Februari, jamaa anafunga, mechi nyingine zinachezwa mchana, maji hagusi, na mwisho wa mwezi anatajwa mchezaji bora wa mwezi. Wewe ukifunga hata ngazi za ofisini unazipanda kwa kulalamika.

Kwa hiyo je, namtoa wa nne? Subiri tufike kwa Wilt.

Mzee wangu, naomba uniambie ukweli, hizi pointi 100 za Wilt Chamberlain ni za kweli au ni za kupikwa? Hapa kazini tumebishana mpaka mtu kasusa chai.
*Fundi, Mwanza*

Ni za kweli, mwambie arudi anywe chai. Ilikuwa tarehe 2 Machi 1962, mji wa Hershey, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chokoleti, Philadelphia Warriors na New York Knicks, matokeo 169 kwa 147. Uwanjani walikuwa watu kama elfu nne tu, televisheni haikuonyesha, ndo maana video hamna, kilichobaki ni sauti ya redio ya robo ya mwisho na ile picha yake kashika karatasi iliyoandikwa 100 kwa mkono.

Ila kuna vitu watu wa kijiweni huwa hawavisemi. Senta wa kawaida wa Knicks hakucheza siku ile. Na mwishoni ilikuwa vituko, Knicks wanawafanyia makusudi faulo wachezaji wengine ili mpira usifike kwa Wilt, Warriors nao wanafanya faulo ili waurudishe mpira haraka. Cha kushangaza zaidi kwangu ni mitupo huru, alifunga 28 kati ya 32, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa anafunga nusu tu. Msimu ule alikuwa anarusha kutokea chini katikati ya miguu, kama mtu anamwaga ndoo ya maji, na ikawa inaingia. Baadaye akaacha maana aliona anaonekana kituko. Yaani mtu anaacha kitu kinachofanya kazi kwa sababu ya aibu! Hapo ndipo ninapoanza kuwa na shida na Wilt.

Maana namba zake hazina mfano, msimu ule wastani wa pointi 50 kwa mechi, ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa ringi, 55 kwenye mechi moja dhidi ya Boston mwaka 1960, lakini ubingwa ni miwili tu, 1967 na 1972. Na upande wa pili kasimama Bill Russell, mfupi kuliko yeye, hafungi sana, misimu 13 ubingwa 11, na ya mwisho mitatu alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Mechi ya saba, ile ya mwisho ya kuamua nani anapita, Russell kacheza mara 10, kashinda zote 10. Ya mwisho ilikuwa 1969 Los Angeles, wenyeji walishaning'iniza maputo juu ya dari kusubiri kusherehekea, Wilt akaumia goti akatoka, akataka kurudi kocha wake akamkatalia, Boston wakashinda 108 kwa 106 na maputo yakabaki yanawaangalia.

Watu wanasema Russell alikuwa na timu nzuri. Sawa, alikuwa nayo. Lakini angalia alivyokuwa anabloku, yaani anazuia mpira uliorushwa, hapigi mpira ukaenda kwa mashabiki ili apigiwe makofi, anaugusa tu ubaki ndani, mwenzake anaudaka na shambulizi limeshaanza. Mtu anayefikiria hivyo akiwa hewani ndiye anayebeba timu nzuri mpaka ubingwa.

Haya, kaka wa Tanga, umeshinda. Hakeem nampandisha wa tatu, Wilt anashuka wa nne. Usiniombe zaidi.

Niaje mkuu. Hao wazee wa enzi za TV ya rangi mbili Shaq angewamaliza wote na mkono mmoja. Kwa nini ni wa tano?
*Kijana wa Eastlands, Nairobi*

Poa. Shaq wa mwaka 2000 sijui nani angemzuia, fainali ile alipiga wastani wa pointi 38 na ribaundi 16 na ushee, Indiana walibaki wanaangaliana. Lakini mitupo huru asilimia 52 maisha yote, mpaka makocha wakawa na mbinu ya kumfanyia faulo makusudi tu, dakika za mwisho za mechi ngumu unawaza hata umtoe. Na kambi ya mazoezi alikuwa anafika amenona. Wa tano palepale.

Mimi ni mtu mzima, nimewaona wengi. Naunga mkono Kareem lakini hujasema kwa nini. Vijana wanadhani unamheshimu kwa uzee tu.
*Mstaafu, Unguja*

Shikamoo mzee. Kweli nililipua, niwie radhi.

Kareem Abdul-Jabbar sababu yake ya kwanza ni urefu wa safari. MVP mara sita, hakuna mwingine aliyefika hapo, senta wala asiye senta. Ubingwa sita, wa kwanza 1971 Milwaukee wa mwisho 1988 Los Angeles. Alikuwa mchezaji bora wa fainali 1971, halafu akawa tena 1985 akiwa na miaka 38, katikati hapo kuna watoto wamezaliwa wakamaliza shule ya msingi. Pointi 38,387, rekodi ilikaa karibu miaka 39 mpaka LeBron alipoivuka Februari 2023. Na pointi tatu alifunga moja tu maisha yake yote, moja, kwa hiyo hiyo milima yote kaipanda kwa mbilimbili na mojamoja.

Sababu ya pili ni ile skaihuku, mtupo wake wa mkono mmoja juu ya kichwa. Mimi nimejaribu, nina futi tano na nchi kumi, shuleni nilichezeshwa senta kwa sababu wengine walikuwa wafupi zaidi, na niliacha baada ya kuupiga mpira ukaenda kwenye jiko la mama ntilie. Siri yake iko kwenye ubavu. Unasimama ubavu kwa beki, mkono wa kushoto umeukunja kama ukuta, mkono wa kulia unapanda umenyooka mpaka mwisho kabisa ndo kiganja kinakunjika, kwa hiyo beki ili aufikie mpira lazima kwanza avuke mwili mzima wa mtu wa futi saba na nchi mbili. Alipokuwa chuoni UCLA walipiga marufuku danki, yaani kuuchomeka mpira kwenye ringi kwa mkono, kwenye vyuo kuanzia 1967, kila mtu alijua ni kwa ajili yake, yeye akatumia muda huo kuinoa skaihuku. Walidhani wanamfunga mikono.

Senta sisi huku kwetu tunamwita pivo. Mbona Wakongo hamtutaji? Mutombo je?
*Msomaji, Lubumbashi*

Mutombo kwenye tano bora ya muda wote hapana, kwenye kufunga hakuwa na makali hayo. Kwenye kuzuia hapo tuongee. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwa beki bora wa ligi mara nne, na 1994 akiwa Denver walikuwa timu ya kwanza kutoka nafasi ya nane kuitoa ya kwanza, Seattle, mechi ikaisha amelala chini mgongo kaukumbatia mpira kama mtoto. Kile kidole chake cha kukataza kila mtoto wa mtaani anakijua.

Sasa sikiliza hili. Kwenye orodha ya bloku za NBA wa kwanza ni Hakeem 3,830, wa pili Mutombo 3,289, yaani Mnigeria na Mkongo, na wa tatu ndo Kareem. Lakini tuwe waungwana, bloku zilianza kuhesabiwa msimu wa 1973-74, misimu minne ya kwanza ya Kareem haimo, na za Russell na Wilt haikuhesabiwa hata moja. Mutombo alifariki Septemba 2024, na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake inatibu watu mpaka leo. Na nyinyi wa Lubumbashi mna Bismack Biyombo, mtoto wa palepale, namba saba kwenye drafti ya 2011. Msidai hamjatajwa.

Huyu Jokić haruki, hakimbii, ana tumbo. MVP tatu za nini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Za macho, mdogo wangu. Anamwona mwenzake kabla mwenzake hajajiona. Alichaguliwa namba 41 mwaka 2014, usiku huo yeye kalala kwao Serbia, na 2023 kawapa Denver ubingwa wao wa kwanza. Akiendelea miaka michache mingine huyu Shaq wangu wa tano ajiandae kuhama.

Na Hasheem Thabeet wetu? Tulimsubiri sana.
*Msomaji, Kinondoni*

Tulimsubiri, na mimi nilikuwemo. Namba mbili 2009, kijana wa Dar aliyepita Makongo, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba, ndo maana wenzetu wanapenda kumcheka na mimi sipendi. Chuoni Connecticut alikuwa anabloku zaidi ya nne kwa mechi. Memphis akamkuta Marc Gasol kwenye nafasi ileile, dakika zikawa haba, na senta mrefu bila dakika ni kama daladala bila abiria, inakaa tu stendi. Misimu mitano, timu nne. Mtanzania wa kwanza NBA, hiyo hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Mwanangu ana miaka 16 na keshanizidi mimi na baba yake, anagonga kichwa mlangoni. Watu wananiambia nimpeleke kikapu, wengine wanasema amechelewa. Kweli amechelewa?
*Mama, Morogoro*

Mama yangu, hajachelewa. Hakeem nimeshakusimulia hapo juu, na Joel Embiid wa Kamerun alianza akiwa na miaka 15, kabla ya hapo ni voliboli, na 2023 akawa MVP. Ila usimlazimishe, muulize kwanza kama anapenda, urefu si mkataba.

Akikubali, asikimbilie kubeba vyuma. Mnunulie kamba ya kuruka, maana watu warefu miguu ndo huchelewa. Halafu kuna zoezi la George Mikan, yule senta wa miwani wa Minneapolis aliyewasumbua watu mpaka ligi ikapanua eneo la chini ya ringi kutoka futi 6 hadi 12. Chuoni kocha wake alimrukisha kamba na kumpeleka mpaka kwenye mafunzo ya dansi. Zoezi lenyewe ni hivi, asimame chini ya ringi, aweke mpira kwa mkono wa kulia upande wa kulia, audake kabla haujagusa chini, hatua moja, aweke kwa mkono wa kushoto upande wa kushoto, audake tena, bila kushusha mikono chini ya mabega. Aanze na 20 kwa siku, mkono wa kushoto utamsumbua wiki mbili za mwanzo. Na ule mlango, mama, mwambie fundi aupandishe.