Kabla hujasaini, uliza sura yako itakaa ukutani mpaka lini

Mwaka 2014 nilikuwa kwenye daladala ya Raskazone, hapa Tanga, nikaona abiria wa mbele anacheka peke yake huku anachungulia dirishani. Nikafuata macho yake. Alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa ukutani kwenye bango, nimetoa macho, muhogo umenikwama mdomoni. Tangazo lile nililirekodi nusu siku, nikalipwa shilingi 150,000 na chakula cha mchana. Bango lilikaa miaka minne. Mtaani wakaamini nimetajirika, wakaanza kuja kukopa.

Nilipokwenda kuuliza, nikaonyeshwa sahihi yangu. Ni kweli nilisaini: karatasi mbili za Kiingereza, juu ya boneti ya gari, watu wa kamera wakilalamika kwamba jua linazama.

Nakuandikia wewe unayetaka kuingia kwenye filamu za vichekesho, na kwa sababu mimi ni wa Tanga siwezi kuanza bila Mzee Majuto. Amri Athumani, King Majuto, alizaliwa huku mwaka 1948, akapanda jukwaani mwaka 1958 angali mtoto, na akachekesha hadi alipofariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Hesabu mwenyewe: miaka sitini. Alitoka jukwaani akaingia kwenye kanda, kwenye DVD, kwenye matangazo ya biashara, na lafudhi yake ya Kitanga hakuiacha nyumbani. Vijana wengi wanaomwiga huishia kupiga kelele. Wewe mwangalie anaponyamaza. Mwenzake anasema neno la kipuuzi, mzee anamtazama tu, uso unabadilika polepole, na wewe umeshaanza kucheka kabla hajajibu. Alipocheza na Sharo Milionea, kijana wa Muheza aliyefariki kwa ajali ya gari Novemba 2012, kazi ilikuwa hiyo hiyo: kijana anaringa, mzee anaungua taratibu. Ukitaka shule ya komedi, kaa na sini zao usiku mmoja, zima sauti, tazama nyuso tu.

Lakini kuna shule nyingine aliyotuachia, na hii inauma. Mwaka 2018, mzee akiwa mgonjwa, madai kwamba mikataba yake ilimnyonya yakawa habari ya taifa, na waziri wa sanaa wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Habari ile ilinikuta kijiweni Barabara ya 12, kahawa ikanipoa mkononi. Kama mtu anayejulikana na kila mtoto nchini mikataba yake inahitaji kamati, mimi wa muhogo ni nani?

Basi kabla ya kushika kalamu, uliza muda. Miezi mingapi? Halafu wapi: redio, televisheni, mabango, mtandaoni, nje ya nchi? Kila sehemu ina bei yake. Wakitaka kuendelea muda ukiisha, walipe tena, na hilo liandikwe. Karatasi ikiwa ya Kiingereza na hukielewi vizuri, ondoka nayo ukasomewe na mtu wako, siyo na mtu wao. Jua litazama, kesho litachomoza. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Watu hukariri neno la kwanza, ila la pili ndilo linalomgusa mwigizaji. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakueleza ukienda kuuliza.

Na filamu? Sisi tulizoea kuuza masta, yaani nakala mama ya filamu pamoja na haki zake. Unapanda basi hadi Kariakoo, msambazaji anakupa fedha mara moja, unarudi umevaa miwani. Ukiuza masta hivyo, umeuza na wajukuu wake. Siku hizi DVD hazina watu, lakini mtego umehamia YouTube tu: unacheza klipu mia kwenye chaneli ya mwenzako, siku mkikosana unaondoka na nguo zako.

Kuna tatizo jingine ambalo waigizaji wa filamu za kulia hawalijui. Mchekeshaji akitaja bei, watu hucheka. Mimi nimewahi kusema msibani kwamba naumwa, wakashika mbavu. Nikitaja milioni moja mezani wanaona ni kipande cha mchezo, na ugonjwa wangu ni kwamba wakicheka nafurahi, halafu napunguza.

Kwa hiyo siku hizi siendi mwenyewe. Namtuma dada yangu, mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kucheka kazi yangu hata moja. Juzi alipigiwa simu kuhusu tangazo la miezi sita. Akauliza, "Na mwezi wa saba?" Yule bwana akasema atashauriana na wenzake kisha atapiga. Leo ni siku ya tisa.