Punda wa mkokoteni amekakamaa shingo: naweza kumnyoosha?

SWALI: Punda wangu jike, umri kama miaka 8, anavuta mkokoteni wa maji hapa Chamwino. Asubuhi anakuwa mgumu, na kugeukia kushoto hataki kabisa. Nimeona farasi wakinyooshwa shingo kwa kufuata karoti. Kwa punda inafaa?

JIBU: Inafaa, ndugu, lakini usianze na karoti. Kama amekakamaa mwili mzima, taya halifunguki vizuri na masikio yamesimama wima, hasa akiwa na kidonda au alichomwa na msumari kwenye ukwato, huenda ni pepopunda. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Shingo ikiwa na joto au uvimbe, usimnyooshe pia.

Kisha tazama anavutia nini. Wengi huku kwetu humfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kusukumia mti. Punda hana, kwa hiyo mti unamlalia shingoni safari nzima. Mfungie mkanda mpana wa kifuani, sentimita 8 hadi 10, ukae juu ya ncha ya bega na chini ya koo. Bila hilo, mazoezi ni kazi bure.

Sasa karoti. Mtembeze dakika 10 bila mkokoteni. Misuli iliyopoa huchanika. Msimamishe mahali tambarare, ubavu mmoja ukiwa karibu na ukuta ili asizungushe makalio. Karoti ipasue kwa urefu, maana vipande vya duara humkaba koo. Ganda la tikiti maji nalo linafaa.

Anza chini: kidevu kifike kifuani, halafu katikati ya magoti, halafu kwenye vifundo vya miguu ya mbele. Ndipo uende pembeni: nyuma ya kiwiko, kisha nyongani. Kila mahali ashikilie kwa sekunde 5, mara 3 wiki ya kwanza, baadaye mara 5. Anza na kulia anakokuweza. Akipiga hatua, akikunja goti au akiinamisha kichwa upande badala ya kupinda shingo, anakwepa: umempeleka mbali mno, rudisha karoti karibu.

Usimvute kwa kamba. Ukimvuta anakaza kukupinga. Akifuata chakula anatumia mwenyewe misuli midogo iliyo kando ya uti wa mgongo. Utafiti wa mwaka 2011 kwa farasi ulionyesha misuli hiyo inanenepa, lakini baada ya miezi 3 ya mazoezi, siku 5 kwa wiki. Basi usitegemee mabadiliko Jumatatu ijayo.

Miguu, kidogo tu. Wa mbele uushike nyuma ya goti na juu ya ukwato, uupeleke mbele, chini-chini, sekunde 15. Wa nyuma usiutanue nje wala kulazimisha: goti lake la juu, karibu na tumbo, na kiungo cha kisigino hukunjika pamoja, huwezi kunyoosha kimoja peke yake. Akivuta mguu, mwachie.

Zikipita wiki 3 na kushoto bado hataki, daktari amkague meno. Gego lenye ncha kali linalomchoma shavuni humfanya agome kugeuka, na hilo linahitaji tupa ya meno.