Defender ya Zamani au Mpya? Maswali ya Wasomaji wa Unguja na Pemba

Barua za safari hii zimeegemea gari moja, Land Rover Defender. Wako wanaoshikilia ile ya zamani, iliyoacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na wako walioipenda mpya, iliyooneshwa Frankfurt Septemba 2019 na inayotoka kiwanda cha Nitra, Slovakia. Mwishoni kuna barua moja ya Suzuki Jimny, kwa sababu ubishi wake unafanana.

Assalaam alaykum. Barazani petu wanasema Defender mpya si Defender kwa kuwa haina chesisi, na kwamba njia za mashamba za Pemba zitaipinda. Mimi naona wanatia chumvi. Nani mkweli? — Msomaji, Wete

Wa alaykum salaam. Kwenye kupinda, wenzako hawana hoja. Ya zamani ina chesisi ya chuma yenye umbo la ngazi, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Mpya bodi na chesisi ni kitu kimoja, cha alumini, na kiwanda kinaeleza kwamba ugumu wake dhidi ya kupindika ni mara tatu ya ule wa gari ya chesisi. Ya zamani ndiyo inayojinyonga kwenye makorongo. Ndiyo maana milango yake hugonga na mvua hupenya pembeni mwa kioo.

Tofauti yenye uzito iko kwenye ekseli. Ya zamani ina ekseli nzima mbele na nyuma, yaani boriti moja inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia: gurudumu likipanda jiwe, difu (lile donge la gia lililo kwenye ekseli) inainuka pamoja nalo, na nafasi iliyopo kati ya difu na ardhi haipungui hata gari ikisheheni magunia ya karafuu. Lakini difu hiyo inaning'inia chini, na njia ikiwa na tuta katikati ya michirizi ya magurudumu, ndiyo inayokwaruza kwanza. Mpya kila gurudumu lina mikono yake, tumbo limenyooka, na yenye mifuko ya hewa badala ya springi hujiinua hadi milimita 291 kutoka ardhini. Kwenye udongo mwekundu wa huko kwenu wakati wa masika, dereva wa kawaida atafika kwa wepesi zaidi na mpya, kwa sababu kompyuta inalibana breki gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende kwenye lenye mshiko. Ya zamani inamtaka dereva afunge difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kabla ya kuingia topeni, si baada ya kukwama, na aifungue akirudi lami. Akisahau, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana kila kona, na mzigo huo wote unabebwa na meno ya giaboksi ya pili, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli zote mbili.

Kuhusu jina, gari ya kwanza iliyooneshwa Amsterdam mwaka 1948 iliitwa Land Rover tu. Defender ni jina la mwaka 1990. Hapo hapana cha kugombea.

Lakini wenzako wana hoja moja ambayo pengine hawakuitamka. Gari ikigongwa au ikiharibika Wete, nani ataifungua? Ya zamani karibu kila fundi mwenye spana na mashine ya kuchomelea anaimudu, na paneli zake zinafunguka moja moja. Mpya imeungwa kwa gundi maalumu na ribiti. Fundi akiipelekea moto wa gesi anaiondolea alumini nguvu yake pale pale inapobeba mzigo. Na bila mashine ya kusoma kompyuta, hata kosa la sensa moja linaweza kukuzuia kuinua gari. Kwa mtu anayeishi na gari moja kisiwani, sisi tunaipa uzito hoja hiyo kuliko ubishi wote wa ekseli.

Nimepata Defender ya zamani, 110, yenye injini ya 300Tdi. Muuzaji anasema bodi ni alumini, haiozi. Nikague nini? — Msomaji, Kiembe Samaki

Bodi ni alumini, kweli, ila kinachoibeba ni chuma, na fremu za ndani za milango ni chuma pia. Chumvi ikikaa pale vinapogusana, alumini ndiyo inayoliwa: rangi inavimba chini ya mlango na unga mweupe unatoka. Hiyo ni kasoro ya sura. Kinachoimaliza gari ni chesisi, nayo huoza kutoka ndani kuja nje. Rangi nyeusi iliyopakwa chini juzi isikuridhishe. Hiyo ndiyo ya kuitilia shaka.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi, tandika turubai, ingia chini. Anza na boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoana ya kuvutia, uigonge kila sentimita 10. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na bisibisi inazama. Nenda kwenye mikono ya chesisi inayoshika ukuta wa mbele, kisha mahali zinapokaa springi za nyuma, kisha pale chesisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, ambako matope hujaa na hayakauki. Ndani inua mazulia: tazama sakafu ya miguu, na pembe za juu za ukuta wa mbele karibu na bawaba za milango. Boriti ya nyuma peke yake inabadilishika bila shida kubwa. Ukuta wa mbele na chesisi vikiwa vimeoza pamoja, achana nayo hata kama bei inakuvutia, kwa sababu kuvibadilisha ni kuivua gari yote. Chesisi mpya zilizozamishwa kwenye zinki zinauzwa Uingereza, na kwa gari ya pwani hakuna matumizi bora ya fedha kuliko hayo, mradi hesabu yake uipige kabla hujanunua.

Injini yenyewe ni nzuri: dizeli ya lita 2.5, nguvu farasi 111, haina kompyuta hata moja. Chini ya kifuniko cha mkanda wa taimingi kuna tundu, mara nyingine limezibwa kwa plagi ya kuzuia maji. Lifungue. Ukikuta unga mweusi wa mpira, mkanda unasagika kwa kuwa puli hazijakaa kwenye mstari, ugonjwa wa injini za mwanzo wa aina hii. Ukikuta oili, sili ya krenki au ya kemu imechoka. Mkanda ambao hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya kitu kingine chochote. Kiwanda kinaruhusu kilomita 120,000 kwa kazi ya kawaida na nusu yake kwa kazi ngumu, na mchanga na vumbi vihesabu kuwa kazi ngumu. Ukikatika njiani, vijiti vinavyosukuma valvu hupinda.

Washa injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kumiminia oili. Moshi kidogo si neno. Ukipuliza kwa kishindo, ringi za pistoni zimekwisha. Halafu tazama plagi za plastiki juu ya rejeta na kwenye nyumba ya themostati. Zikizeeka zinapasuka, maji yanatoka kimya kimya, na hedi ya alumini inapinda. Weka za shaba. Ukijaza maji upya, fungua plagi zote mbili, mimina kwenye tanki dogo mpaka maji yaonekane juu bila mapovu, funga ya rejeta, funga ya themostati, kisha jaza tanki hadi kwenye alama.

Ukishainunua, badilisha oili zote. Injini inachukua lita 6.65 pamoja na filta. Giaboksi ya R380 inataka lita 2.67 za ATF, oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki. Wengi wanaitilia oili nene ya gia, halafu wanalalamika gia haziingii asubuhi. Giaboksi ya pili, LT230, lita 2.3 za EP90, ambayo ndiyo oili nene ya gia.

Nina Defender mpya ya dizeli. Inakwenda mjini mara moja kwa wiki, siku nyingine ni mizunguko ya kijijini. Taa ya chujio la moshi inawaka na oili imepanda juu ya kiwango. Oili inaongezekaje? — Msomaji, Makunduchi

Kinachoongezeka ni dizeli. Chujio la moshi hukusanya masizi, na kila likikaribia kujaa kompyuta hurusha dizeli ya ziada ili joto lifike karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji mwendo mfululizo, dakika 15 hadi 20 bila kusimama. Wewe unazima gari katikati, kwa hiyo dizeli ambayo haijaungua inateremka pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Oili iliyochanganyika hivyo inakuwa nyepesi, na wanaoumia ni turbo na cheni ya taimingi.

Mwaga oili leo, weka mpya na filta, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya hapo, safari ya mjini iwe ya kusafisha: injini ikishapata moto, shika gia ya chini kidogo ili mizunguko ibaki juu ya 2,000, uende bila kukatisha hadi taa izime. Ikikataa, fundi mwenye mashine ya kompyuta aanzishe usafishaji gari ikiwa imesimama, mbali na majani makavu, kwa sababu ekzosi inakuwa ya moto mno. Usikubali ushauri wa kulitoboa chujio. Kompyuta itasoma presha isiyoeleweka na kupunguza nguvu.

Jambo la pili ni AdBlue, maji yenye urea asilimia 32.5 ya kusafishia moshi wa dizeli. Ikiisha, injini haitawaka tena ukishaizima. Nunua kidogo kidogo, uiweke kivulini, maana joto linalozidi nyuzi 30 linaifupishia maisha.

Kwa wanaofikiria kuagiza: Unguja yote kutoka ncha hadi ncha ni kama kilomita 85. Kwa safari fupi hivi, chukua mpya ya petroli. Haina AdBlue, na utaepukana na shida hii ya masizi ya dizeli.

Tunavuta boti kutoka majini kwa trela. Ipi inafaa, na upepo wa tairi uwe kiasi gani? — Msomaji, Nungwi

Zote mbili zinaruhusiwa kuvuta trela yenye breki ya kilo 3,500. Kiwanda kinaandika kina cha maji milimita 900 kwa mpya yenye mifuko ya hewa na 500 kwa ya zamani, lakini hicho ni kina cha kuvuka, hakikuandikwa kwa ajili ya kusimama baharini. Tumia kamba ndefu, trela ndiyo iingie, gari ibaki pakavu. Ekseli ya moto ikitumbukia majini hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili, hasa mpira wa kupumulia ukiwa umeziba au umekatika. Ikitokea ya zamani imezama, fungua nati ya difu siku hiyo hiyo: oili ikiwa nyeupe kama maziwa, mwaga, weka mpya, lita 1.7 mbele na, kwa 110 yenye ekseli ya Salisbury (aina nzito ya ekseli ya nyuma), 2.3 nyuma. Kwenye mpya ogopa zaidi sensa za kimo, soketi za umeme na mifuko ya hewa. Mfuko ukivuja kidogo, kompresa inafanya kazi mfululizo hadi inaungua. Kama pwani ndiyo ofisi yako, tafuta 90 (ile fupi) au 110 ya springi za koili, si ya mifuko ya hewa.

Mchangani shusha upepo hadi PSI 18 na usizidi kilomita 25 kwa saa. Ukitoka tu mchangani, jaza kabla ya kugusa mawe ya matumbawe, maana tairi lililolegea huchanika ubavuni. Hapa ya zamani ina faida kubwa: tairi la 235/85R16 lina ubavu wa milimita 200, na la mpya la 255/60R20 lina 153 tu. Aina kadhaa za mpya zinakubali ringi ya inchi 18. Hakikisha kwanza breki za mbele zinapita ndani yake. Jioni osha chini kwa maji baridi, ndani ya chesisi pia kupitia matundu yake, na uache ikauke kabla ya kupiga nta ya kuzuia kutu.

Defender yangu ya zamani yenye injini ya Td5 (dizeli iliyofuata 300Tdi) inakata kata, na fundi amekuta oili kwenye soketi ya kompyuta. — Msomaji, Chake Chake

Waya za nozeli zilizo ndani ya kifuniko cha hedi zimechoka, na oili inasafiri ndani yake hadi kwenye soketi nyekundu ya kompyuta, chini ya kiti. Kusafisha soketi peke yake hakutoshi. Badilisha seti ya waya hizo na sili yake, kisha safisha soketi ya hedi na ya kompyuta kwa dawa ya kusafishia breki. Rudia kila wiki kwa muda, kwa sababu oili iliyobaki kwenye waya ndefu huendelea kujitokeza.

Suzuki Jimny mpya imeharibiwa kama Defender? — Msomaji, Jambiani

Hapana. Ya mwaka 2018 imebaki na chesisi ya ngazi na ekseli nzima, injini imepanda kutoka lita 1.3 hadi 1.5, na vitufe vya kubadilishia magurudumu manne vimeondolewa, mkono wa gia umerudi. Ukinunua ya zamani yenye vitufe, kagua mipira midogo ya hewa inayokwenda kwenye habu (vitovu vya magurudumu) za mbele: ikipasuka, taa ya dashibodi inaweza kuwaka na bado magurudumu ya mbele yasivute. Usukani ukitetemeka ukifika kilomita 70, usikimbilie kununua shokapu ya usukani. Balansi tairi kwanza, kisha inua mbele, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi za kingipini, kiungo ambacho gurudumu hugeukia, zimelegea.