Upana wa Tairi Unaanzia Kwenye Rimu

Ukisimamisha gari kwa fundi tairi yeyote Arusha mjini ukasema unataka tairi pana kidogo, swali la kwanza ni "rimu namba ngapi?" Ukijibu 15, zinashushwa tairi za 15, unachagua iliyokupendeza, jeki inaingia chini ya gari. Hiyo 15 ni kipenyo tu. Upana wa rimu hakuna aliyeuliza, na ndio unaoamua tairi itakaaje.

Upana umeandikwa kwenye rimu yenyewe. Rimu nyingi za sport (za aloi) zilizotoka Japani zina maandishi nyuma ya mmoja wa mikono yake, yamefunikwa na vumbi la breki. Pitisha kitambaa kibichi utaona kitu kama 15x6J na pembeni yake 45. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, 6 ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo, na 45 ni ofseti kwa milimita, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa kwa nati. Nusu inchi huandikwa 5 1/2J, usiisome harakaharaka.

Maandishi yakiwa yamelika, pima tairi ikiwa imetolewa. Pima ndani ya kingo, pale midomo ya tairi inapokalia. Rimu ya 6 ina milimita 152 hapo ndani. Ukipima kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje unapata karibu inchi moja zaidi, na ndivyo rimu ya 6 inavyogeuzwa kuwa ya 7 kwa maneno matupu.

Kila saizi ya tairi ina rimu nyembamba kabisa na pana kabisa inazoruhusiwa. Kwa saizi tunazokutana nazo sana huku (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana huo): 175/65 inakaa kwenye rimu ya 5 hadi 6, 185/65 kwenye 5 hadi 6.5, 195/65 kwenye 5.5 hadi 7. 205/55 na 205/60 kwenye 5.5 hadi 7.5, 215/60 kwenye 6 hadi 7.5; 225/65 kwenye 6 hadi 8. Tairi ya 225/45, ambayo vijana wanaipenda, haitaki rimu chini ya 7. Kukaa katikati ya kiwango ni bora kuliko kung'ang'ania mwisho wake.

Tairi ikiwa pana kuliko rimu yake, kuta zinabanwa ndani na uso unatuna kama mgongo wa kobe. Kashata (vipande vya mpira vya uso wa tairi) za katikati zinaisha huku za pembeni zikiwa mpya, na fundi atakwambia umejaza upepo mwingi. Kwenye kona gari inachelewa kuitikia usukani, halafu inayumba. Kinyume chake ni tairi nyembamba iliyovutwa juu ya rimu pana. Hiyo inaonekana nadhifu, ila ukingo wa rimu unabaki wazi bila ulinzi. Ukipita shimo, au jiwe lililochomoza kwenye njia za kupanda Kibosho, rimu inapigwa moja kwa moja. Upepo ukipungua, mdomo wa tairi unaweza kuachia rimu gari ikiwa kwenye mwendo.

Chukua Toyota IST yenye 185/65R15 kwenye rimu ya 5 1/2J. Kipenyo cha tairi hiyo ni milimita 621.5. Hesabu yake ni rahisi: 185 mara 0.65, zidisha kwa mbili, jumlisha milimita 381 za rimu ya inchi 15 (ndiyo R15). Ukiweka 195/60R15 unapata 615, pungufu ya asilimia moja, na hakuna kitakacholalamika. 195/65R15 inakupa 634.5, imezidi kwa asilimia mbili. Gari inanyanyuka zaidi ya nusu sentimita, jambo zuri kwa njia za mawe. 205/65R15 inafika 647.5, zaidi ya asilimia nne, na hapo tunakushauri uache. Spidomita ikisoma 50 pale Usa River, wewe uko karibu 52 kwa hesabu ya tairi. Ni kweli spidomita nyingi huzidisha kidogo tangu kiwandani, lakini akiba hiyo ndiyo unayoimaliza. Tena zile 195 kwenye 5 1/2J ziko mwisho wa chini wa kiwango: zinaruhusiwa, ila usitegemee uimara uleule wa kwenye rimu ya 6.

Halafu kuna nafasi. Namba ya upana ni ya jina tu. 195/65R15 kwenye rimu ya 6 ina milimita 201 kutoka ukuta hadi ukuta, na kila nusu inchi ya rimu inaongeza au kupunguza kama milimita 5. Kabla ya kununua, simamisha gari pa tambarare, kata usukani hadi mwisho, ingiza kidole kati ya tairi ya mbele na shokapu, kisha chini ya bakuli la springi. Kidole kisipopita ukiwa na tairi ya sasa, usiongeze upana. Nyuma pima watu watatu wakiwa wamekaa, maana tairi inayopita gari ikiwa tupu itasugua madigadi ukigonga tuta la Kikatiti na familia ndani. Ukishafunga mpya, endesha siku mbili, kisha chungulia plastiki ya ndani ya madigadi: palipong'aa ndipo panapoguswa. Spesa za kusogeza rimu nje si dawa. Zinahamisha mzigo kwenye beringi.

Uzito nao usomwe. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 185/65R15 nyingi zina 88, yaani kilo 560 kwa tairi. 195/65R15 huwa na 91, kilo 615. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hiace ya abiria inataka tairi zenye 107, kilo 975. Ukiifunga tairi za gari dogo kwa sababu tu rimu ni 15, unaomba tairi ipasuke.

Kwenye gari inayovuta kwa magurudumu manne muda wote, kama Subaru Forester, zote nne ziwe na kipenyo kimoja na zimechakaa sawa. Ukibadilisha mbili za mbele pekee kwa saizi nyingine, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itafanya kazi ya kufidia kila kilomita na kuchemka.

Kama njia yako ni ya udongo mwekundu wa milimani wakati wa masika, baki na upana wa kiwandani. Tairi nyembamba inakata tope na kushika chini; pana inapanda juu yake na kuteleza. Upana una faida yake kwenye lami kavu.

Kujua kama upepo na upana vinapatana, chora mstari wa chaki kukatiza uso wa tairi, endesha mita mia moja moja kwa moja, angalia. Chaki ikifutika sawa kote, umepatia. Ikifutika katikati tu wakati upepo uko kama kibandiko kinavyosema, shaka rimu kwamba ni nyembamba mno.

Nati za Toyota nyingi ndogo zinakazwa kwa nyutonimita 103, kwa mpangilio wa kupishana. Rimu za sport hulegea kidogo mwanzoni, kwa hiyo ukizifunga Arusha, zikaze tena ukifika Moshi.