Detekta ya dhahabu kwa Chunya: mashine ipi, na kipi cha kurekebisha

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ununue detekta gani kwa kazi ya Chunya, na kama ni sawa kumlipa fundi anayesema ataifungua mashine aiongezee nguvu hadi isome dhahabu mita tano chini. Nimetembea na mashine maeneo ya Makongolosi na Matundasi kwa misimu kadhaa, na wenzangu wengi huniletea za kwao niwatazamie, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Naanza na la fundi, maana ndilo litakalokula mtaji wako haraka.

Usimlipe. Koili, ile sahani ya chini, inarusha uga wa sumaku ardhini. Uga ukigusa dhahabu unazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya kipande, na mkondo huo nao unatoa uga wake dhaifu unaorudi juu. Nguvu inapungua ikienda, na inapungua tena ikirudi. Kwa kipande kidogo kilichozama kuzidi upana wa koili yako, ishara inashuka kwa kipeo cha sita cha umbali. Yaani kipande kilekile ukikishusha mara mbili ya kina chake, ishara inayokufikia ni sehemu 1 kati ya 64. Fundi akitaka kukuongezea kina mara mbili tu, inabidi aipate hiyo mara 64 mahali fulani, na hapo bado hatujaanza kuzungumza habari ya mita tano. Halafu udongo nao unapigwa na uga uleule. Ukiongeza nguvu, kelele ya udongo inapanda pamoja na sauti ya dhahabu, na unabaki palepale ukiwa umepoteza pesa na dhamana ya mashine.

Kwa udongo wetu, kipande cha gramu 1 mashine nzuri hukisikia kwenye sentimita 30 hivi, mazingira yakiwa rafiki. Punje ya sehemu ya kumi ya gramu ni sentimita chache tu. Mtu akikutajia mita, muulize ni kipande cha uzito gani. Mashine zinazosikia mita mbili au tatu zipo, lakini kinachosikika huko ni pipa au bodi la gari. Na zile zenye antena mbili, zinazodaiwa kuonyesha mwelekeo wa dhahabu kutoka mbali bila koili kugusa usawa wa ardhi, usizikaribie kabisa. Watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya vitu vile.

Sasa kuchagua. Watu huanza na jina la mashine. Mimi naomba uanze na udongo, kisha ukubwa wa dhahabu iliyokwisha kupatikana hapo.

Uwanja wa dhahabu wa Lupa, ambao ndio huu wa Chunya, umefanyiwa kazi tangu miaka ya 1920, na sifa yake kubwa ni dhahabu ya vipande iliyotoka kwenye mikanda ya mwamba, ikabaki kwenye udongo wa miteremko na mchanga wa vijito. Hiyo ndiyo dhahabu ya detekta. Kuna mwenzetu mwingine anataka kupeleka mashine Geita apime mawe yaliyotoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji. Dhahabu ya namna ile kwa sehemu kubwa ni unga ndani ya jiwe. Jiwe linaweza kuwa na dhahabu ya kutosha kumlipa mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), na detekta ya bei yoyote ikapita juu yake kimya, kwa sababu kila chembe ni ndogo mno kutoa ishara. Huko twanga sampuli, osha kwenye karai, utajua.

Udongo wa Chunya una chuma kingi. Ukiona udongo mwekundu wenye vijiwe vya duaraduara vinavyonata kwenye sumaku, ujue mashine itahangaika. Pabaya zaidi ni pale moto wa msituni ulipoteketeza gogo hadi mizizi. Joto linabadilisha madini ya chuma kuwa aina yenye usumaku mkali, na mashine italia juu ya kidoa hicho cheusi kana kwamba kuna kitu. Tofali la kuchoma lina tabia hiyohiyo, na nitalirudia nikifika kwenye kununua.

Hapo ndipo inapoingia tofauti ya aina mbili za detekta, VLF na PI. VLF inarusha na kusikiliza kwa wakati mmoja, mfululizo. Inasikia punje ndogo sana na haili betri, na nyingi zinajaribu kukutenganishia chuma. Gold Monster 1000 ya Minelab inatumia kilohezi 45, Fisher Gold Bug 2 inatumia 71, na masafa ya juu hivyo ndiyo yanayosikia vipunje. Lakini kwenye udongo mwekundu mkali VLF inapoteza kina vibaya, na wakati mwingine inaita chuma kitu ambacho ni dhahabu. PI inapiga pigo fupi la umeme, inakata, kisha inasikiliza kinachobaki, kama mtu aliyegonga kengele akanyamaza asikie mvumo wake. Sehemu kubwa ya kelele ya udongo inafifia mapema, na mashine inafuta iliyobaki. Ndiyo maana kwa Chunya ninapendekeza PI kwa mtu anayetaka kufanya kazi kwa kina, na VLF kwa mwenye mtaji mdogo anayefuata vijito, changarawe nyepesi na vifusi vya zamani.

Kwa PI nitataja za Minelab tu. GPX 5000 ya mwaka 2010 bado ni mashine ya kazi. Wengi wanaiita ya kizamani, mimi naiheshimu kwa sababu inakubali mipangilio mingi na koili zake zimejaa, za saizi zote. Mpangilio wa Fine Gold na wa Enhance ndiyo inayotuliza udongo wetu. GPX 6000 iliyotoka 2021 ni nyepesi na inasikia dhahabu ndogo vizuri zaidi. Ukiwa na uwezo, na vipande vya eneo lako ni vidogo, chukua hiyo. GPZ 7000 inazama vizuri, lakini ina uzito wa kilo 3 na zaidi, na kuanzia saa tano jua likishapanda bega litakukumbusha. SDC 2300 inafaa sehemu finyu na kwenye maji, ila koili yake ni ndogo na haibadilishwi, na inatumia betri za saizi C ambazo madukani porini ni za kutafuta.

Usiniulize ipi bora bila kuniambia wachimbaji wa hapo wamekuwa wakipata vipande vya uzito gani. Hicho ndicho kinachoamua.

Tuje kwenye marekebisho. Yapo ya maana, na hakuna hata moja linalohitaji kufungua boksi la mashine.

La kwanza ni koili. Koili kubwa inazama zaidi kwa kipande kikubwa, lakini inapoteza punje ndogo na inabeba kelele nyingi ya udongo. Koili ya inchi 11 ya mono, yaani yenye msuko mmoja unaorusha na kusikiliza, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ya inchi 17 au 18 itoe baada ya kujua kwamba eneo limewahi kutoa vipande vya gramu kadhaa. Ya inchi 8 au ndogo ya umbo la yai inaingia katikati ya mawe na visiki ambako wenzako waliruka. Mono inasikia mbali zaidi, DD, yenye misuko miwili ya umbo la D, mmoja wa kurusha na mmoja wa kusikiliza, inavumilia udongo mkali na kelele za nyaya za umeme. Mimi ningependa mtu awe na koili mbili, moja ndogo na moja kubwa, kuliko kuuza mashine anunue ya bei mara mbili. Faida nyingine ya GPX 5000 ni kwamba inapokea hata koili za SD na GP, mashine za zamani za Minelab, kwa hiyo utapata za mtumba. GPZ 7000 na GPX 6000 koili zake zina chipu, huwezi kuchomeka yoyote tu.

Kuna vijana wanasuka koili wenyewe. Nawaheshimu, na anayejua kazi anatoa koili nzuri. Lakini siyo kuzungusha waya tu: kipimo cha induktansi ya koili kinatakiwa kikaribie mikrohenri 300 kwa mashine hizi, nyaya zisicheze hata kidogo ndani ya gundi, na ngao ya kuzuia kelele iungwe sawasawa. Ukiigonga kwa kidole mashine ikalia, irudishe kwake.

La pili ni sauti, na hapa watu wengi wanadharau. Ishara ya kipande kilichozama siyo mlio, ni kama ule mlio mwembamba wa kudumu umeyumba kidogo, ukashuka au ukapanda kwa nukta moja. Kwa spika ya nje, upepo na kelele za wenzako, hutausikia. Nunua hedifoni nzuri inayofunika sikio, yenye kidhibiti chake cha sauti. Kikuza sauti cha pembeni kwenye mkanda wa kifuani kinasaidia sana GPX 5000. Kwa kawaida kipande kidogo cha juujuu kinaanza juu kikashuka, na kikubwa cha chini kinaanza chini kikapanda. Kule kwenye kushuka-kupanda chimba mpaka mwisho, hata kama shimo limekufika magotini.

La tatu ni betri. GPX 5000 inatumia betri ya nje ya lithiamu ya volti 7.4. Kufunga pakiti mpya yenye seli nzuri za volti hizohizo ni sawa kabisa, na inakupa siku nzima. Kupandisha volti ni kuunguza vitu, maana mashine ya kisasa inadhibiti umeme wake ndani, ziada haigeuki kina. Kwa wanaokaa kambini bila umeme, paneli ndogo ya sola na chaja yenye kidhibiti inatosha.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyofanya mashine ionekane mbovu. Fungua kifuniko cha chini ya koili kila jioni. Utakuta mchanga mweusi umeingia pale katikati, mwembamba kama unga, umejikusanya upande mmoja. Ule ni chuma, na ndio ulikuwa ukikulilisha kila ulipogeuza koili. Safisha kwa kitambaa kikavu, kausha, funga kwa gundi ya karatasi kuzunguka ukingo. Waya wa koili uzungushe kwenye fimbo ubane, usiupige na majani. Vua buti zenye chuma kwenye kidole, simu weka hali ya ndege au iache kambini. Sururu iwekee sumaku kichwani ikusaidie kutoa misumari, lakini usiiweke karibu na koili unapopima.

Kuhusu kununua: bandia ni nyingi, zina kasha na stika zinazofanana na za kweli hadi skrini. Usinunue ndani ya chumba. Nenda na chubwi dogo la kuvulia samaki, likatwe kipande cha robo gramu, kibandike kwenye kadi ya plastiki. Chubwi ni madini ya risasi, nayo inajibu karibu sawa na dhahabu, na haiibiwi. Nenda pia na tofali la kuchoma. Mwambie muuzaji asawazishe mashine na udongo mwekundu, kisha pitisha koili juu ya tofali: inatakiwa itulie au karibu itulie. Weka kadi juu ya tofali upitishe tena. Mashine inayosikia kadi hewani tu, lakini juu ya tofali inapiga kelele kadi ikiwepo au isiwepo, hiyo siyo ya Chunya. Muuzaji mmoja wa mjini alikataa jaribio hili mbele yangu, akasema litaharibu koili. Tofali haliharibu koili. Namba ya mashine nayo ihakikishwe kwa wakala anayetambulika kabla hujatoa hela.

Ukishaanza kazi, koili itelezeshe karibu kabisa na ardhi, polepole. Kila sentimita unayoinua juu unaitoa kwenye kina chako. Ndiyo maana wengi tunapenda Septemba na Oktoba, majani yameungua na ardhi ni kavu. Mfinyanzi uliolowa mvua ya Desemba unapitisha umeme na unazaa milio ya uongo. Ukipata kipande kimoja usikimbie mbele. Funga kamba, pita kwa mistari, kisha pita tena ukikata mistari ya kwanza, na upande kuelekea mlimani ukifuata mawe meupe ya kwatzi. Maeneo ya zamani yana makopo, misumari na nyaya tangu enzi za wakoloni. Utachimba takataka nyingi, kwa sababu PI haikutenganishii chuma kwa uhakika. Ukiibua kitu cha mrija wa shaba au alumini chenye nyaya, kiache kilivyo uite wenye leseni, inaweza kuwa fataki ya baruti iliyobaki. Na mashimo ya kale yaliyofunikwa na nyasi yanaua, kwa hiyo mmoja wenu atazame mbele wakati wewe unatazama koili.

Kabla ya yote hayo, ujue leseni ya eneo ni ya nani. Makubaliano ya mgawo yaandikwe, shahidi awepo, na dhahabu ipelekwe soko la madini. Tangu masoko yaanzishwe 2019, kukutwa nayo njiani bila karatasi ni matatizo.

Mkuu, niandikie hapa bajeti yako, picha ya udongo ukiwa mkavu, vijiwe vyake vinanata vipi kwenye sumaku, na uzito wa vipande vilivyopatikana hapo karibuni. Nikiona hivyo nitakwambia uanze na koili gani.